Spotify, Boomplay au YouTube? Kwanza ujue unalipia nini

Kaa jioni kwenye kijiwe chochote cha bodaboda Ngamiani, hapa Tanga mjini, hutakosa kuyasikia mabishano haya. Mmoja atasema Spotify ndiyo yenyewe. Mwenzake atamjibu kwamba Spotify ni ya kujionyesha tu, Boomplay inatosha. Wa tatu anatumia YouTube peke yake na hataki kusikia habari za kulipia muziki, maana upo bure. Halafu atatokea mtu aliyelipia mwezi mzima, bando likamwishia siku ya nne, muziki ukakata. Huyo anaamini ametapeliwa. "Mgosi, si nimeshalipia? Sasa bando la nini tena?"

Swali lake ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu linaonyesha mkanganyiko unakoanzia. Watu wanabishana programu ipi kali kabla ya kukubaliana kwamba kinachouzwa humo ni kitu gani.

Kustrimu ni kusikiliza wimbo ambao faili lake haliko kwenye simu yako. Liko kwenye kompyuta za kampuni fulani, nawe unaletewa vipande vidogovidogo kwa intaneti huku wimbo ukiendelea kucheza. Kampuni hiyo ndiyo tunaiita jukwaa la muziki: Spotify, Boomplay, Apple Music, Audiomack, YouTube na wenzake. Programu unayoipakua kwenye simu ni mlango tu wa kuingilia huko. Intaneti inayoleta vile vipande ni biashara ya watu wengine kabisa, mtandao wako wa simu. Kwa hiyo kuna mifuko miwili. Ada ya mwezi inakwenda kwa jukwaa, pesa ya bando inakwenda kwa mtandao, na mmoja hajui habari za mwenzake. Isipokuwa mtandao wako umetangaza wazi kifurushi kinachojumuisha muziki, ukilipia jukwaa bado bando ni lako.

Na ile ada yenyewe inanunua nini? Tanga ni mji wa baiskeli, basi chukua mfano wa kukodi baiskeli. Ukilipa unaipanda, unakwenda nayo hadi Raskazone, hakuna wa kukuzuia. Lakini huwezi kuiuza, huwezi kumrithisha mtoto, na muda ukiisha mwenyewe anaitaka. Ada ya jukwaa la muziki inafanya kazi hivyo hivyo. Unapewa ruhusa ya kusikiliza, kwa muda uliolipia, kwa masharti ya mwenye mali. Jukwaa lenyewe mara nyingi nalo limekodi, kutoka kwa kampuni za muziki na wasambazaji.

Ndiyo maana nyimbo huweza kutoweka usiku mmoja bila wewe kufanya kosa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Universal, kampuni kubwa kuliko zote za muziki duniani, ilishindwa kuelewana na TikTok kuhusu malipo. Nyimbo zake zikaondolewa humo, zikarudi Mei baada ya mkataba mpya. Google nao walikuwa na jukwaa lao, Google Play Music, wakalifunga mwaka 2020 na kuwahamishia watumiaji YouTube Music. Kama kampuni za ukubwa huo zinafanya hivyo, usishangae wimbo wako wa harusi ukiandikwa kwamba "haupatikani".

Bando linaliwa na nini

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea bila watu kujua, na ni hesabu ya darasa la sita.

Ubora wa sauti hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde, yaani wingi wa taarifa zinazoletwa kila sekunde. Namba ikiwa kubwa, sauti inakuwa na undani zaidi na bando linaliwa zaidi. Kwenye Spotify kiwango cha chini kabisa ni kama 24, cha kawaida 96, cha juu 160, na cha juu sana 320, ambacho ni cha wanaolipia. Ukisikiliza saa nzima kwa 96 unatumia takriban MB 43. Kwa 160 ni MB 72. Kwa 320 ni MB 144. Maana yake GB 1 ile ile inaweza kukupa saa 23 za muziki au saa 7, kutegemea kitufe kimoja ndani ya mipangilio ambacho wengi hatujawahi kukigusa.

Apple Music kwa kawaida iko kwenye 256, na tangu mwaka 2021 wana pia sauti isiyopunguzwa kitu, inayokula bando mara kadhaa zaidi. Wapo wanaoiwasha kwa fahari na kuisikilizia kwenye spika ndogo ya bluetooth. Bluetooth ya kawaida haiwezi kuipitisha sauti hiyo ikiwa nzima, inaibana tena njiani. Bando limelipwa la kifalme, sikio linapata kile kile.

YouTube ya bure ina shida yake nyingine: inaleta picha hata kama simu umeilaza kifudifudi juu ya meza, na picha ndiyo inayokula sehemu kubwa ya bando. Kufunga kioo nako kunakata wimbo. Ukiwa huna njia nyingine, teremsha ubora wa video hadi 144p. Sauti utaipata, na picha si ulikuwa huiangalii hata hivyo.

Sasa lile neno "kupakua". Ukipakua wimbo ndani ya Spotify au Apple Music, faili linakaa kwenye simu yako lakini limefungwa kwa kufuli ambalo funguo zake anazo mwenye programu. Huwezi kulirusha kwa Bluetooth wala kuliweka kwenye flashi ukasikilize kwenye redio ya gari. Spotify inamtaka mteja anayelipa aunganishe simu na intaneti angalau mara moja kila siku 30, ihakikishe bado analipa. Inaruhusu nyimbo hadi 10,000 kwenye kila kifaa, vifaa visivyozidi 5. Siku unapoacha kulipa, hazichezi. Mdundo, jukwaa lililoanzia Kenya, limechukua njia nyingine: unapakua faili la kawaida la MP3, bure na kihalali, na gharama yake ni matangazo. Faili hilo linabaki, unalihamisha utakako. Kwa mtu mwenye simu ya kubonyeza yenye kadi ya memori, au dereva wa daladala anayetegemea flashi, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya ubora wa sauti.

Faida ya kupakua, hata huko kwenye kufuli, ni kwamba bando linaliwa mara moja tu. Wimbo unaousikiliza kila siku ukiupakua kwa Waifai ya ofisini au ya jamaa, hauli kitu tena. Na unaposafiri, kwenye kona za kupanda Lushoto mtandao unakuja na kuondoka upendavyo. Waliopakua kabla ndio wanaofika Magamba wakiwa bado wanasikiliza.

Nyimbo milioni 100, na za Tanga ziko wapi?

Matangazo hupenda kutaja idadi. Spotify na Apple Music kila mmoja anasema ana nyimbo zaidi ya milioni 100. Idadi hiyo haikusaidii kuchagua. Wimbo mpya wa msanii wa Bongo Fleva akishautoa leo, msambazaji wake anautuma kwenye majukwaa karibu yote kwa pamoja, kwa hiyo kwa muziki wa sasa yamekaribiana sana. Yanatofautiana kwenye muziki wa zamani na ule usiopita kwa wasambazaji, na hapo msikilizaji wa Tanga ana sababu ya kuwa mchaguzi kuliko wengine.

Mji huu ulikuwa na taarabu yake yenyewe, Black Star na baadaye Lucky Star, iliyoingiza gita na besi pale ambapo Unguja walishikilia ala za kanuni na fidla. Humo ndimo alimovuma Bi Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016. Kwenye dansi kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kutoka Jamhuri Jazz walitoka ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, wakapitia Arusha na kuingia Nairobi mwaka 1971 na bendi ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao wakajitenga wakaunda Les Wanyika.

Nairobi ndiko kulikokuwa na viwanda vya santuri na kampuni za kurekodi, zenye mikataba na hesabu. Leo, miaka mingi baadaye, kampuni zilizorithi haki hizo zinajua wanachomiliki na wameshakipeleka kwenye majukwaa. Ndiyo maana Simba Wanyika na Les Wanyika huwapati kwa shida. Bendi zilizobaki nyumbani zilirekodiwa sana na Radio Tanzania, na kanda hizo ziko leo mikononi mwa TBC. Wimbo uliorekodiwa redioni ili upigwe redioni, bila karatasi inayosema nani alipwe nini, unachelewa sana kufika Spotify, kwa sababu jukwaa linataka kwanza mtu wa kusema "huu ni wangu". Akikosekana, wimbo utaukuta YouTube tu, umepandishwa na mpenzi wa muziki kutoka kwenye kaseti yake, pamoja na mvumo wa kanda na picha ya bendi nyingine kabisa.

Kaswida na mawaidha, ambavyo kwa nyumba nyingi za hapa ndivyo vinavyosikilizwa zaidi ya Bongo Fleva, navyo mara nyingi viko YouTube kwanza, kwa sababu madrasa ikishika simu na kurekodi haihitaji msambazaji. Kwaya kadhaa za milimani Usambara ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi, fungua jukwaa kwa akaunti ya bure na utafute nyimbo zako mwenyewe, zile ambazo usipozipata utaudhika. Tafuta kwa jina la bendi, kisha kwa jina la wimbo, kisha kwa tahajia nyingine. Jamhuri huandikwa Jamuhuri, taarabu huandikwa taarab na hata tarab. Nyimbo za zamani pia hufichwa ndani ya mikusanyiko, jina la bendi likiwa dogo pembeni. Jaribio hili la robo saa litakuambia mengi kuliko orodha yoyote ya "programu 5 bora".

"Nasikiliza ili nimuunge mkono msanii"

Nia njema, ila pesa haiendi kwa njia ambayo wengi wanadhani. Mtu analipia, anamsikiliza msanii mmoja mwezi mzima, anaamini ada yake imemfikia huyo. Kwenye Spotify na majukwaa mengi makubwa haiko hivyo. Mapato ya jukwaa katika nchi fulani, ya ada na ya matangazo, huwekwa kwenye chungu kimoja. Jukwaa linabakisha sehemu yake, ambayo kwa Spotify ni takriban theluthi moja, na zinazobaki zinagawanywa kwa kuangalia nani kasikilizwa mara ngapi kati ya strimu zote. Msanii wako akiwa na strimu chache mbele ya mamilioni ya wengine, anapata kipande chembamba hata kama wewe humsikilizi mwingine yeyote.

Kwa hiyo hakuna bei maalumu ya strimu moja, ingawa kila wiki mtu anaitaja mitandaoni kwa uhakika. Inabadilika kwa nchi, kwa mwezi, na kwa aina ya msikilizaji. Strimu ya anayelipa ina thamani kuliko ya anayesikiliza na matangazo, na strimu ya nchi ambayo ada ni ndogo ina thamani ndogo pia. Strimu yenyewe huhesabiwa Spotify ukisikiliza angalau sekunde 30. Tangu mwaka 2024 pia, wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu kwenye mgao huo. Kwa chipukizi wa Makorora anayerekodi kwa kujichanga, huo ndio ukuta wa kwanza.

Halafu pesa haifiki mkononi mwa msanii moja kwa moja. Inapita kwa mwenye haki, ambaye anaweza kuwa lebo, msambazaji au meneja, na kila mmoja anakata chake kwa mujibu wa mkataba. Msanii akilalamika kwamba strimu milioni hazijamlipa, uliza kwanza mkataba wake unasemaje.

Na unapoona bango la "strimu milioni 10", angalia ni wapi. Mara zilizotazamwa YouTube na strimu za Boomplay hazihesabiwi kwa kanuni moja wala hazilipi sawa. Mashabiki wanaozilinganisha ili kujua nani mfalme wanapoteza muda, ingawa najua hawataacha.

Mengine kwa kifupi

Zile programu zilizochakachuliwa, "Spotify ya bure isiyo na matangazo" inayozunguka WhatsApp, ziogope. Achilia mbali kwamba msanii hapati kitu: unampa mtu usiyemjua barua pepe yako na nywila yako, kwenye simu ile ile yenye pesa zako za mtandao. Sijaona wimbo wa thamani hiyo.

Wenye saluni, migahawa na kumbi nao huamini kwamba wakilipia Spotify wamemaliza. Masharti ya jukwaa yanasema ni matumizi binafsi. Kupiga muziki mbele ya wateja ni suala jingine, linasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na linahitaji kibali chake. Akaunti yako ya simu haihesabiki kama kibali.

Sasa, ipi?

Kama simu yako ni Tecno, Infinix au itel, huenda ulikuta Boomplay imo ndani tayari. Ilianza mwaka 2015 Nigeria chini ya Transsion, watengenezaji wa simu hizo. Kwa anayesikiliza zaidi muziki wa Afrika na haudhiki na matangazo, anzia hapo, hakuna sababu ya kuifuta ili ufanane na wengine. Audiomack nayo ni nyepesi kwa chipukizi, kwa sababu msanii anapandisha wimbo mwenyewe bila kulipa, na unaweza kumkuta huko kabla hajafika kwingine.

Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, kwa maoni yangu inawazidi wenzake kwenye kukupendekezea muziki ambao hukuujua. Ukiwa mtu wa kuchimba, kutoka Les Wanyika kwenda kwenye rumba ya Kongo na kurudi, utaufurahia usaidizi huo. Toleo la bure lilikuwa likikulazimisha kusikiliza kwa kuchanganywa, lakini masharti hayo yalilegezwa mwaka 2025, kwa hiyo ambaye aliijaribu zamani akaichukia anaweza kuijaribu tena. Apple Music, iliyofika kwetu mwaka 2020, haina toleo la bure la kudumu. Mwenye iPhone atanogewa nayo, mwenye Android sioni itakayompa ambacho Spotify haimpi.

Ikiwa ni nyumba yenye vijana wengi, mpango wa familia ni nafuu kuliko kila mtu kujilipia. Spotify na Apple wote wanaruhusu hadi watu 6, na Spotify inataka muwe mnaishi anwani moja.

Kwa mpenzi wa taarabu za kale, kaswida na dansi la redioni, sioni sababu ya kulipia chochote bado. Baki YouTube, punguza ubora wa picha, na pesa ya ada iongeze kwenye bando.

Ukiamua kulipia, angalia ukurasa wa malipo kabla hujajaza taarifa. Majukwaa mengine yanataka kadi ya benki tu, ingawa kadi za mtandaoni zinazotengenezwa kupitia akaunti ya pesa ya simu mara nyingi hukubalika. Mwezi wa majaribio ya bure ukiisha, jukwaa linaanza kukata lenyewe bila kukuuliza. Weka alama kwenye kalenda ya simu siku mbili kabla, uingie kwenye akaunti yako na usitishe humo humo. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo, wataendelea kukukata mwezi baada ya mwezi huku alama ya programu haipo tena kwenye kioo chako.